Taswira Itoke Darasani: Usingizi wa Nyeri na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hufunzwa kwa maana yake ya ndani, yaani siri ya shida huijua mwenye shida. Hata hivyo, katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya maana yake ya juu nayo ina uzito. Wapo watu wengi Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru walio na kitanda, walio na blanketi, walio na usiku mrefu wa baridi, lakini usingizi hawana. Hujigeuza huku na huku wakihesabu karo, madeni na maneno waliyoambiwa mchana, hadi jogoo wa kwanza awike. Makala haya yanatoa hoja kwamba zipo njia mbili nyepesi za kuwapunguzia watu hao adha, nazo ni yoga ya kupumzisha mwili na taswira elekezi; na kwamba njia ya pili haitawafaa mpaka waliosomea lugha washike kalamu na kuiandika kwa maneno na mandhari ya watu wenyewe.

Kuna kinaya katika hali hii. Eneo la Mlima Kenya limesifika duniani kuwa mahali pa kupumzikia. Robert Baden-Powell, mwasisi wa chama cha skauti, aliichagua Nyeri kuwa makazi yake ya uzeeni. Mwaka 1938 alijengewa nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu katika uwanja wa hoteli ya Outspan, akaishi humo hadi alipofariki Januari 1941, akazikwa mjini humo humo. Mwaka 1959 mwigizaji wa Marekani William Holden na wenzake walianzisha Mount Kenya Safari Club karibu na Nanyuki, watu wa mbali wakaja kuvuta hewa ya mlima. Katika hoteli ya Treetops, iliyofunguliwa mwaka 1932 ndani ya msitu wa Aberdare, wageni walilipa fedha ili wakeshe kwa hiari wakitazama tembo na nyati wakinywa maji. Mgeni alilipia kukesha. Mwenyeji anakesha bure, tena bila kupenda. Utulivu umekuwa bidhaa ya kuwauzia wapitao, mithili ya majani bora ya chai ambayo mchumaji huyafunga kwenye gunia asiyaonje.

Ni nani hao wasiolala? Yuko mkulima wa kahawa wa Tetu au Mathira ambaye mavuno yameshapelekwa kiwandani na malipo hayajulikani yatakuja lini wala kwa kiasi gani. Yuko mchumaji chai wa Othaya anayeamka kabla ya mapambazuko, mgongo ukiwa bado na uchovu wa jana. Yuko mkulima wa miraa wa Igembe aliyeona Uingereza ikipiga marufuku zao lake mwaka 2014, kisha soko la Somalia likifungwa mwaka 2020 na kufunguliwa tena mwaka 2022, pasipo yeye kuulizwa neno. Yuko dereva wa matatu anayeanza safari ya Nairobi nyota zikiwa bado angani. Yuko pia mwanafunzi wa chuo anayengoja mkopo wa masomo huku tarehe ya mtihani ikikaribia.

Lugha yenyewe imeutambua ugonjwa huu zamani. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu akisemwa kuwa "ana mawazo", hasifiwi kwa wingi wa fikra, anaonewa huruma. Neno lile lile linalomtukuza msomi ndilo linalomtaja mtu aliyeelemewa. Wasemaji walijua, kabla ya vitabu vya saikolojia kuwafikia, kwamba fikra zikizunguka pasi na kutua hugeuka maradhi. Kinachokosekana ni namna ya kuzituliza.

Kwa kukosa namna hiyo, wengi hujitibu wenyewe. Wapo wanaopitia duka la dawa kutafuta vidonge vya usingizi bila kumwona daktari. Wapo wanaotegemea glasi. Ni kweli kwamba pombe humlaza mtu haraka, lakini huuvunjavunja usingizi wake katika nusu ya pili ya usiku, akaamka saa tisa akiwa mchovu kuliko alivyolala, na kesho yake akahitaji glasi nyingine. Hatari yake si ya kubuni. Mnamo Mei 2014 pombe yenye sumu iliua watu wengi nchini, Embu ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika. Na Februari 2024 watu zaidi ya kumi walipoteza maisha baada ya kunywa pombe ya aina hiyo katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Haimkiniki kudai kwamba wote walikuwa wakitafuta usingizi. Hata hivyo, jamii isiyo na njia ya heshima ya kutua mzigo wa siku huwaachia walevya kazi hiyo. Isitoshe, hili ni eneo la chai na kahawa: kikombe cha chai nzito saa tatu usiku ni ukarimu wa kawaida, na wachache hukumbuka kwamba kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Anayetafuna miraa au muguka jioni naye ameshauaga usingizi kabla ya kupanda kitandani.

Sasa tuzitazame njia zenyewe. Yoga ya kupumzisha mwili si ile ya kujipinda na kusimama kwa kichwa ambayo picha zake huwaogofya watu. Mizizi yake ya karibuni ni kazi ya B. K. S. Iyengar (1918–2014), mwalimu wa Pune nchini India, aliyetumia mito, blanketi, viti na kamba ili hata mgonjwa aweze kukaa katika mkao bila kujikaza. Mwanafunzi wake kutoka Marekani, Judith Hanson Lasater, aliieneza kwa kitabu alichokichapisha mwaka 1995. Msingi wake ni mmoja: mwili ushikiliwe na kitu kingine, ili misuli isiwe na kazi. Mtu hulala chali, mto ukiwa chini ya magoti. Au hulala sakafuni karibu na ukuta akaiegemeza miguu juu ya ukuta huo kwa dakika kumi. Au hupiga magoti akainama mbele, kifua na shavu vikilalia rundo la blanketi zilizokunjwa. Pumzi hutolewa polepole, ndefu kuliko inavyovutwa. Kwa kufanya hivyo, sehemu ya mfumo wa neva inayoutayarisha mwili kwa mapambano hupunguza makali, na ile inayousimamia mwili katika mapumziko hushika zamu. Mapigo ya moyo hushuka na misuli hulegea. Vifaa vyote hivyo vimo katika nyumba ya kawaida ya Nyeri. Blanketi hasa ni la lazima, kwa kuwa mwili uliotulia hupoa upesi, na baridi ya Julai haina mzaha.

Taswira elekezi nayo ni kuiongoza akili kwa maneno ili ione, isikie na inuse mahali pa utulivu. Maneno hayo husomwa na mtu mwingine, husikilizwa kutoka katika simu au redio, au hukaririwa kimoyomoyo. Mwaka 2002 Allison Harvey na Suzanna Payne wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti juu ya watu wenye shida ya kupata usingizi. Walioelekezwa kujijengea picha ya mahali pa kupendeza na kutuliza waliripoti kupata usingizi mapema, na kusumbuliwa kidogo na mawazo, kuliko walioachwa bila maelekezo yoyote. Sababu inaeleweka: taswira iliyojaa undani huijaza akili, wasiwasi ukakosa nafasi ya kuketi. Inapasa kukiri kwamba tafiti nyingi kuhusu yoga na taswira ni ndogo, na faida zilizoonekana ni za wastani. Mwaka 2016 chama cha madaktari kiitwacho American College of Physicians kilipendekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanzishiwe tiba ya kisaikolojia ya kurekebisha fikra na mazoea kabla ya kupewa vidonge. Mbinu za kujituliza huwa sehemu tu ya tiba hiyo. Sehemu nyingine ni kuamka saa ile ile kila siku, na kuondoka kitandani usingizi unapokataa. Hata hivyo, pale ambapo mtaalamu wa tiba hiyo yuko mbali, sehemu isiyogharimu chochote si ya kudharauliwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Sehemu kubwa ya maelekezo ya aina hii yaliyorekodiwa ni ya Kiingereza, na mandhari yake ni ya kigeni: ufuo wenye mchanga mweupe, bustani ya waridi, theluji ikianguka nje ya dirisha. Mama wa Mukurwe-ini ambaye hajawahi kuiona bahari atatuliaje ufuoni? Atatumia nguvu kuibuni bahari, na nguvu hizo ndizo zilizopaswa kulala. Taswira haifanyi kazi kwa sababu ni nzuri. Hufanya kazi kwa sababu ni ya msikilizaji.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana mengi ya kuchangia katika jambo hili. Amefunzwa taswira tangu shule ya upili: ya kuona, ya kusikia, ya kunusa, ya kugusa. Amefunzwa takriri na mdundo. Zaidi ya hayo, amefunzwa bembelezi, zile nyimbo ambazo mama na yaya huwaimbia watoto ili walale. Bembelezi hutumia sauti ya chini, maneno machache yanayorudiwa, ahadi ya usalama na picha za mambo yaliyo karibu na mtoto. Taswira elekezi ni bembelezi ya mtu mzima. Tofauti ni kwamba mtu mzima ameachwa bila wa kumwimbia. Mfano ufuatao unaonyesha jinsi maneno hayo yanavyoweza kuwa:

"Lala chali. Mto uko chini ya magoti, blanketi limefika mabegani. Huna pa kwenda. Jioni imeingia, nawe umeketi kwenye kizingiti cha nyumba unayoipenda. Mvua imekatika sasa hivi. Matone yanadondoka kutoka ukingo wa paa. Moja, kisha moja, kisha moja. Harufu ya udongo uliolowa inakujia. Jikoni kuna moto wa kuni. Moshi wake unapanda polepole, hauna haraka. Vuta pumzi moshi unapopanda. Toa pumzi, ndefu zaidi, kama ukungu ushukavyo bondeni. Ukungu umefunika njia. Umefunika kijito, ila sauti ya maji bado unaisikia. Hakuna atakayekuja usiku huu kwa njia hiyo. Wazo likija, liache lipite kama mtu apitaye barabarani, humjui, humwiti. Tone moja. Kisha moja. Mikono imekuwa mizito. Miguu imekuwa mizito. Kuni zimebaki makaa."

Hakuna ufundi mgumu katika kifungu hicho. Sentensi ni fupi, tone la mvua linarudi kama kibwagizo, na hisi zimegawiwa kazi: sikio limepewa maji, pua imepewa udongo, ngozi imepewa blanketi. Kila mwanafunzi aliyewahi kuchambua shairi anaweza kuandika kama hivyo, na bora zaidi ya hivyo.

Hata hivyo, uandishi huu unadai umakini ambao kalamu ya darasani haijauzoea. Taswira moja haimfai kila mtu. Mashamba ya chai yanayong'aa kijani ni pumziko machoni pa mtalii, lakini kwa mchumaji ni mgongo unaouma na kilo ambazo hazijatimia. Ukimpeleka huko usiku, umemrudisha kazini. Mto Chania ni burudani kwa mmoja na ni mahali alipozama ndugu kwa mwingine. Kwa mzee aliyekuwa mtoto wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, msitu wa Aberdare huenda ukamrejeshea ngurumo za ndege za kivita na kijiji kilichozungushiwa handaki. Ndiyo maana mwandishi hana budi kuuliza kabla ya kuandika: je, ni wapi ulipowahi kujisikia salama? Msikilizaji naye aelezwe mapema kwamba anaruhusiwa kufumbua macho, kubadilisha mahali au kuacha kabisa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba asijifanye kuujua uzito wake.

Pingamizi zipo, na mbili zinastahili jibu la heshima. La kwanza ni la kidini. Eneo hili lina mizizi mirefu ya Ukristo: Wamisionari wa Consolata walifika mwaka 1902, na Mei 2015 maelfu ya waumini walikusanyika Nyeri kushuhudia Sista Irene Stefani, aliyeitwa na wenyeji Nyaatha kwa huruma yake, akitangazwa mwenyeheri. Wapo waumini wanaohofu kwamba yoga ni ibada ya dini nyingine iliyovishwa nguo za mazoezi. Hofu hiyo isidhihakiwe. Ni kweli kwamba yoga ilizaliwa India na kukua pamoja na dini za huko, na si uungwana kulificha hilo. Lakini kulala chali na mto chini ya magoti si sala kwa mungu yeyote, na anayechukizwa na jina la yoga anaweza kuliacha jina akabaki na mto. Kuhusu taswira, Ukristo wenyewe unayo mapokeo yake: tangu karne ya 16 Ignatius wa Loyola aliwafundisha wafuasi wake kusali kwa kujijengea akilini mandhari ya Injili, wayaone na kuyasikia. Muumini anaweza kuchagua mandhari ya imani yake mwenyewe, mbinu haimzuii.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wako watakaosema kwamba ni dhihaka kumwambia mtu mwenye deni avute pumzi. Kahawa ilipwe kwa haki, karo ipungue, kazi zipatikane. Watu watalala wenyewe. Hoja hii ina ukweli ambao makala haya hayaukwepi. Taswira hailipi deni, na kiongozi atakayeigawa badala ya kuwajibika atakuwa amewatia watu usingizi kwa maana mbaya ya neno hilo. Lakini deni halilipwi saa nane za usiku. Anayekesha nalo haamki akiwa amelipunguza. Huamka akiwa amepunguza nguvu za kulikabili. Mkulima aliyelala ndiye atakayesimama katika mkutano wa chama cha ushirika akauliza maswali yanayostahili kuulizwa. Usingizi si mbadala wa haki. Ni chakula cha anayeidai.

Pana mipaka mingine ya kutajwa. Anayekoroma sana na kukatikiwa na pumzi usingizini, mjamzito, mwenye shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa macho au maumivu ya mgongo, amwone mhudumu wa afya kabla ya kujaribu mikao hii. Anayewaza kujidhuru anahitaji watu na hospitali mara moja, si kanda ya kusikiliza peke yake gizani. Jopo kazi la kitaifa kuhusu afya ya akili lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho mwaka 2022 ili huduma ziwafikie watu katika kaunti zao. Kazi ya lugha ni kumfikisha mgonjwa kwenye mlango huo, si kuuziba.

Swali la mwisho ni la lugha ipi. Ajuza wa kijijini Tetu atalala vyema zaidi kwa Kigikuyu, kama mwenzake wa Imenti kwa Kimeru, na mpenzi wa Kiswahili hapaswi kuona wivu. Lakini katika mji kama Nanyuki, wanakokutana Wagikuyu, Wameru, Wamaasai, Wasamburu, Waturkana na Wasomali, Kiswahili ndicho kikao cha wote. Kinaweza pia kuwa daraja: maandishi yaliyoandikwa vizuri kwa Kiswahili hutafsirika kwa lugha jirani kwa urahisi, kwa kuwa mandhari ni yale yale. Mfano wa kuiga uko Karatina. Gakaara wa Wanjau, aliyewekwa kizuizini na serikali ya kikoloni tangu 1952 hadi 1959, alichapisha vitabu na vijarida vya Kigikuyu kutoka mji huo mdogo wa soko, na shajara yake ya kizuizini ikampatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Hakungoja mji mkuu umruhusu kuwaandikia majirani zake.

Basi chama cha Kiswahili katika chuo kama Karatina au Chuka kinaweza kuanza na jambo dogo. Wanachama wakusanye bembelezi na kumbukumbu za mahali pa utulivu kutoka kwa wazee wa vijiji jirani. Waandike maelekezo kumi ya dakika kumi kila moja. Wayapeleke kwa mshauri wa chuo na muuguzi yasahihishwe. Kisha wayatoe bila malipo kwa redio za eneo hili na kwa wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu Septemba 2023 wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kote nchini. Gharama yake ni karatasi, simu ya kurekodia na sauti isiyo na haraka.

Kila mwaka mamia ya insha huandikwa vyuoni juu ya taswira katika ushairi, zikasahihishwa, zikafungiwa kabatini. Usiku ule ule, hatua chache kutoka lango la chuo, kuna mtu anayetazama dari. Taarifa kwamba taswira ni mchoro wa maneno haimsaidii. Mchoro wenyewe utamsaidia, akichorewa na mtu anayeijua mvua ya kwao.